Presha na mazoezi kwa kina mama watu wazima wa Dar: maswali ninayoulizwa kila kliniki

Shikamooni mama zangu. Mimi ni nesi. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye kliniki ya presha na sukari hapa Dar es Salaam, na kila Jumamosi alfajiri natembea na kundi la kina mama wa mtaani kwetu, wengi wao wa miaka 55 kwenda juu. Maswali yaliyopo hapa nimeulizwa kwenye benchi la kusubiri daktari, mengine njiani, na machache nimenong'onezwa pembeni kwa sababu mwenye swali aliona haya. Majibu yanamhusu mama ambaye tayari amepimwa na anajua ana presha ya kupanda, awe ameshaanza dawa au bado. Presha ya kushuka ina habari yake.

Nina presha. Nikifanya mazoezi si ndiyo nitaanguka?

Hili huulizwa kila wiki, na hofu yenyewe naielewa, maana kila mtaa una simulizi ya mtu aliyeanguka mazoezini. Ngoja nieleze kinachotokea mwilini. Ukitembea kwa kasi, moyo unasukuma damu nyingi zaidi na namba ya juu ya presha, ile inayotajwa kwanza, inapanda. Hata binti wa miaka 20 presha yake hupanda hivyo hivyo. Lakini misuli ya miguu ikifanya kazi, mishipa inayoilisha damu hufunguka, na ukisimama haijifungi papo hapo. Hubaki imelegea kwa saa kadhaa, wakati mwingine karibu siku nzima, na kwa muda huo presha yako inakaa chini kuliko ilivyokuwa ulipotoka nyumbani.

Ukirudia siku baada ya siku, nafuu ile inajijenga. Kwa watu wenye presha, kutembea kwa kasi mara nyingi kwa wiki hushusha namba ya juu kwa wastani wa 5 hadi 8. Kwenye kadi ya kliniki inaonekana tofauti ndogo, ila inakaribia kazi ya kidonge kimoja.

Ninayemhofia ni yule aliyekaa miaka kumi, halafu Jumamosi moja akavaa raba za mwanawe na kuanza kukimbia. Mwili haukuandaliwa. Anayeanza polepole na akapanda polepole, hatari yake ni ndogo sana kuliko ya anayebaki kwenye kochi.

Mama yetu ana miaka 70, amegundulika ana presha. Tumemwambia apumzike, kazi zote anafanya dada wa kazi. Tumekosea?

Mmefanya kwa mapenzi, lakini ndiyo, mmekosea. Nasema hivyo bila kumnyooshea mtu kidole kwa sababu na kwetu tulifanya hivyo. Mama yangu mzazi aligundulika na presha akiwa na miaka 61. Sisi watoto tukakaa kikao: mama asifue, asideki, asiende tena sokoni Buguruni. Tukatafuta dada wa kazi, tukanunua kochi zuri na televisheni. Ndani ya miaka miwili mama hakuweza kuinuka kwenye lile kochi bila kushikwa mkono, na presha ilikuwa juu kuliko siku ile aliyogundulika. Mimi tayari nilikuwa nesi, na nilikuwepo kwenye kikao. Hadi leo inaniuma.

Tunawapenda wazazi wetu mpaka tunawakalisha, na kukaa ndiko kunakowamaliza. Mwaka 1953 daktari wa Uingereza, Jeremy Morris, na wenzake walichapisha utafiti wa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na kondakta walikuwa kwenye basi moja, barabara moja, siku nzima. Dereva amekaa, kondakta anapanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Makondakta waliugua moyo kidogo kuliko madereva. Walikuwa wanaume, na mengi yamechunguzwa tangu hapo, kwa wanawake pia, na yanaelekea huko huko. Hapa kwetu kuna watafiti waliowafuatilia watu waliohama vijiji vya Morogoro kuja kuishi Dar. Ndani ya mwaka mmoja tu shughuli za mwili zilikuwa zimepungua na uzito umeongezeka. Mji huu unatukalisha kabla hata watoto wetu hawajatukalisha.

Basi mrudishieni mama kazi zake kidogo kidogo. Afagie uani, amwagilie maua, aende gengeni mwenyewe. Dada wa kazi abebe mizigo mizito.

Kwa nini presha yangu ilikuwa nzuri miaka yote, ikaharibika baada ya hedhi kukoma?

Homoni ya estrojeni husaidia mishipa ya damu kulainika. Ikipungua, mishipa inaanza kukakamaa, uzito nao unahamia tumboni, na chumvi tuliyokuwa tunaila bila shida inaanza kuonyesha athari. Ndiyo maana wanawake wengi vijana wana presha ya chini kuliko wanaume wa rika lao, na wakifika miaka 60 na kitu wanawafikia au kuwapita. Hukukosea chochote, mama. Mahitaji ya mwili ndiyo yamebadilika.

Mbona mimi sisikii chochote? Sina kichwa, sina kizunguzungu.

Wengi hawasikii. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu mtu mmoja kati ya wanne wa miaka 25 hadi 64 ana presha ya juu, na wengi walikuwa hawajui. Usisubiri kichwa kiume ndipo umeze dawa au utoke kutembea. Mashine ndiyo inayojua.

Kabla sijaanza, nipime nini?

Presha, na uipime vizuri. Nimeona mama kashuka daladala, kapanda ngazi, kakaa, kapimwa hapo hapo huku anaongea na simu. Hiyo namba haikwambii kitu. Kaa dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kuikunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Nenda haja ndogo kwanza, na usiwe umekunywa kahawa au kufanya mazoezi ndani ya nusu saa iliyopita. Mkanda uvae kwenye ngozi, siyo juu ya mkono wa gauni. Pima mara mbili ukiacha dakika moja katikati, uandike zote.

Presha ya juu huanza kuhesabiwa pale vipimo vya siku tofauti vinapokuwa 140 kwa 90 au zaidi. Ukiwa hapo, au 150, au hata 160 na kitu, unaruhusiwa kutembea kwa upole. Ukikuta 180 kwa 110 au zaidi, leo hakuna mazoezi. Pumzika, rudia kupima, na kama haijashuka nenda kituo cha afya. Ikiwa na maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi au macho kutoona vizuri, usingoje kurudia kupima, nenda hospitali.

Kuna kina mama ambao wasianze lolote bila daktari kuwaona: aliyewahi kupata kiharusi au ugonjwa wa moyo, mwenye sukari ya muda mrefu, mwenye figo zilizoathirika, anayebanwa kifua akipanda ngazi, na ambaye hulala na mito mitatu kwa sababu akilala chali pumzi inakata. Huyu wa mwisho awahi zaidi ya wote.

Nianze na nini, na kwa kiasi gani?

Kutembea. Hakuna ada, hakuna kifaa, na miguu unayo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa siku 5, pamoja na mazoezi ya nguvu za misuli siku 2 au zaidi. Kwa wenye miaka 65 na kuendelea wameongeza mazoezi ya kujizuia kuanguka, siku 3 kwa wiki. Mama akisikia 150 anakata tamaa hapo hapo, kwa hiyo kwangu hiyo ni namba ya mwezi wa tatu. Wiki ya kwanza ni dakika 10, siku 4 au 5. Ongeza dakika 3 hadi 5 kila wiki, mpaka nusu saa ije yenyewe. Ukizigawa, dakika 10 asubuhi, 10 mchana kivulini, 10 jioni, zinahesabika sawasawa.

Kasi iwe ipi? Mama anayetembea na mwenzake aweze kuongea sentensi nzima, lakini asiweze kuimba. Akiweza kuimba kaswida au pambio kutoka mwanzo hadi mwisho, aongeze mwendo. Akishindwa kumjibu mwenzake isipokuwa neno moja moja, apunguze. Kipimo hiki nakiamini kuliko saa yoyote ya mkononi.

Anza kwa dakika 5 za mwendo wa sokoni, na maliza hivyo hivyo. Usisimame ghafla ukishachanganya, hasa kama unatumia amlodipini au nifedipini. Dawa hizo zinafungua mishipa, mazoezi nayo yanaifungua, na ukikatisha ghafla damu inabaki miguuni na kichwa kinakosa. Ndipo watu wanapopata kizunguzungu wakiwa wamefika mlangoni kwao.

Mjukuu kanivalisha saa inayohesabu mapigo ya moyo. Inasema sijafanya mazoezi ya kutosha, na mimi nimechoka kweli.

Angalia dawa zako. Kama unatumia atenololi, propranololi au bisoprololi, zinauzuia moyo kwenda mbio. Mapigo hayatapanda kama ya mjukuu hata ukipanda ngazi zote za daraja la waenda kwa miguu pale Manzese. Fuata kipimo cha kuongea na kuimba.

Kazi za nyumbani hazihesabiki?

Zinahesabika zikikutoa jasho na kukuongezea pumzi. Kupiga deki vyumba vitatu, kufua mashuka kwa mkono, kufagia uani kwa chelewa, kutembea kwenda na kurudi sokoni, hayo ni mazoezi. Kukaa kwenye mbuzi ukikuna nazi, kuchambua mchele, kuuza vitumbua umekaa kwenye kigoda, hapo umefanya kazi ya halali lakini moyo haujafanya mazoezi. Mama lishe wengi huniambia "mimi nashinda nasimama". Kusimama ni bora kuliko kukaa, ila miguu lazima iende.

Na kubeba ndoo ya maji?

Hapa nataka tuelewane. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Mama anainama, anabana pumzi, anajikaza, anaitupa kichwani. Katika sekunde zile chache presha inaruka juu sana, na ukiachia pumzi inashuka ghafla. Inayoleta shida ni pumzi iliyobanwa, kuliko hata uzito wenyewe. Kwa hiyo toa pumzi unapoinua, kila mara, iwe ndoo, iwe gunia la mkaa, iwe mjukuu. Gawa lita 20 kuwa ndoo mbili ndogo, moja kila mkono. Piga magoti kidogo, mgongo unyooke.

Nguvu za misuli bado tunazihitaji, sana, maana baada ya hedhi kukoma mifupa nayo inapungua na mama akiteleza anavunjika nyonga. Haya yanatosha kwa wengi. Kaa kwenye kiti cha plastiki kilichoegemezwa ukutani, simama bila kushika kitu, kaa tena, mara 8 hadi 10. Simama umbali wa mkono mmoja kutoka ukutani, usukume ukuta na urudi, mara 10. Shika meza, inuka kwa vidole vya miguu, shuka taratibu. Chukua chupa mbili za nusu lita zilizojaa maji, zipandishe na kuzishusha kwa mikono. Ukizoea, tumia za lita moja. Pumzi isikatike, na mtu ahesabu kwa sauti, maana anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi.

Na kwa ajili ya kujizuia kuanguka, simama kwa mguu mmoja huku umeshika meza unapongoja chai ichemke. Kila siku. Siku utakapoachia meza kwa sekunde 10 utafurahi kama mtoto.

Nimesikia kuna zoezi la ukuta linaloshusha presha kuliko kutembea. Ni kweli?

Lipo, na halijatungwa mitandaoni. Unaegemea ukuta kwa mgongo, unashuka kama unataka kukaa kwenye kiti ambacho hakipo, unabaki hapo. Muhtasari wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba mazoezi ya aina hii, ya kukaza misuli bila kusogea, yalishusha namba ya juu kwa wastani wa kama 8, zaidi ya kutembea. Utaratibu uliotumika sana ni mara 4, kila mara dakika 2, na mapumziko katikati, siku 3 kwa wiki.

Tahadhari yangu ni hii. Wakati unakaza, presha hupanda. Asiyedhibiti presha yake bado, wa 160 kwenda juu, asianze na hili. Wa magoti mabovu naye asishuke chini, ashuke kidogo tu, sekunde 15 au 20 kwa kuanzia. Kuna njia ya mkono pia: viringisha khanga au taulo ndogo, iminye kwa theluthi ya nguvu zako, dakika 2, upumzike, uendelee mpaka mara 4. Inafaa hata ukiwa umekaa kwenye foleni ya dawa. Usiache kutembea kwa ajili yake. Kutembea kunasaidia pia sukari, uzito, usingizi na moyo wa mtu aliyefiwa, na ukuta haufiki huko.

Magoti yananiuma. Nitatembeaje?

Tafuta njia ya tambarare na raba zenye soli laini. Ukienda mitumba ya Karume utapata raba nzuri, ila zijaribu jioni, miguu ikiwa imetanuka. Kandambili na yeboyebo ziache nyumbani. Maumivu kidogo yanayotulia ukishatembea, na usiyoamka nayo kesho, si ya kuogopa. Goti likivimba au likiwa la moto, pumzika na ulionyeshe. Kiti cha plastiki ni rafiki pia: ukiwa umekaa, nyoosha mguu mmoja mbele, hesabu 5, shusha. Misuli ya paja ikipata nguvu, goti linapumua.

Wanaoishi karibu na bahari, maji yakipwa, mchanga uliolowa na kushikana ni mzuri kwa kutembea. Mchanga mkavu unazama na kuchosha goti. Ukiingia majini mpaka kiunoni na kutembea humo, goti halibebi uzito wote. Usiingie peke yako.

Nitembee wapi na saa ngapi?

Saa ni jambo kubwa hapa kuliko mahali. Dar si joto tu, ni fukuto. Jasho linatoka lakini halikauki, kwa hiyo mwili haupoi. Desemba hadi Machi, saa 3 asubuhi tayari ni hatari kwa mama wa miaka 65 anayetumia dawa ya kupunguza maji mwilini. Toka saa 12 na robo asubuhi kunapopambazuka, uwe umerudi saa 1 na nusu. Au jioni kuanzia saa 11. Juni hadi Agosti kuna ahueni, ukichelewa kidogo hakuna neno. Masika tembea barazani, au panda na kushuka kigazi kimoja cha mlango, dakika 10. Mafuriko msivuke, mitaro haionekani.

Kunywa maji kidogo kabla na baada, isipokuwa daktari amekupimia kiasi cha maji kwa sababu ya moyo au figo.

Mahali? Wa Oysterbay na Kinondoni wana Coco Beach na daraja la Tanzanite lililofunguliwa mwaka 2022. Lina urefu wa kama kilomita moja na njia ya waenda kwa miguu, ila halina kivuli kabisa, kwa hiyo ni la alfajiri tu. Wa Ubungo na Sinza huenda Mlimani, Chuo Kikuu, kwenye miti mingi. Vilima vyake viache mpaka mwezi wa pili. Wa mjini wana Mnazi Mmoja. Lakini wengi wetu tunaishi Mbagala, Tandika, Gongo la Mboto, Kimara, na huko njia ni ya kutafuta. Kiwanja cha shule ya msingi ni pazuri kabla wanafunzi hawajafika, ombeni kwa mwalimu mkuu kama kikundi. Mtaa wenye bodaboda nyingi ukwepeni. Na anayepanda mwendokasi ashuke kituo kimoja kabla ya chake, aje kwa miguu.

Naona aibu. Mwanamke mzima, nimevaa raba, watu watanicheka.

Vaa dera lako na suruali ndani, jifunge mtandio au vaa hijabu nyepesi ya pamba. Dera lisiburute, utalikanyaga. Hakuna anayehitaji suruali ya kubana ili mishipa yake ifunguke. Na usitoke peke yako. Aibu ya mtu mmoja ni kubwa, ya watu watano haipo. Kina mama wengi wana kikoba kinachokutana kila wiki. Kutaneni nusu saa mapema, mtembee, ndipo mkae kuhesabu hisa. Kundi letu lilianzia kwenye kikoba, tukiwa wanne.

Watakaowacheka wiki ya kwanza, wiki ya sita watawauliza mnaanza saa ngapi.

Kuna kundi la jogging mtaani, vijana wananikaribisha. Niende?

Nenda kama wana kundi la watembeaji nyuma. Wakikimbia na kuimba, usiwafuate kwa sababu wimbo ni mtamu. Waambie mapema una presha na unatumia dawa gani, na weka mfukoni karatasi yenye jina lako, dawa zako na simu ya mtoto wako.

Ngoma je? Mimi kutembea kunanichosha roho, ila mdundiko ukipita siwezi kukaa.

Basi cheza! Mdundiko wa Kizaramo ni kutembea na kucheza kwa pamoja, mtaa hadi mtaa, na mama anayeufuata vizuri kwa nusu saa amefanya zoezi kamili. Nyumbani weka taarabu au kwaya, cheza nyimbo tano mfululizo. Epuka kukata kiuno cha kuinama kabisa mpaka kichwa kikiwa chini ya moyo, ukiinuka utaona giza. Na shughuli ya usiku kucha yenye soda na pilau la chumvi nyingi usiihesabu kama mazoezi.

Dawa yangu inanikojoza. Siku ya kutembea huwa naiacha. Kuna ubaya?

Upo, na nashukuru umesema, maana wengi wanafanya hivyo kimya kimya. Presha hailindwi na kidonge cha siku moja moja. Muulize daktari kama unaweza kukimeza baada ya kurudi badala ya kabla. Mara nyingi inawezekana. Vinginevyo chagueni njia inayopita msikitini, kanisani au kituo cha mafuta chenye choo.

Na kuna swali jingine ambalo huja baada ya hili, kwa sauti ya chini: mkojo unanitoka nikitembea haraka au nikicheka. Mama, siyo wewe peke yako. Uzazi na kukoma kwa hedhi vinalegeza misuli ya nyonga. Misuli hiyo nayo hufanyishwa mazoezi. Ibane kama unayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, bila kubana makalio wala pumzi, hesabu 5, achia, hesabu 5. Mara 10, mara 3 kwa siku, hata ukiwa kwenye daladala, hakuna atakayejua. Usifanye wakati unakojoa. Inachukua wiki kadhaa, mpaka miezi mitatu, kuona tofauti. Wakati huo vaa pedi na uendelee kutembea. Mkojo ukiwa na maumivu au damu, nenda kapimwe.

Mwezi wa Ramadhani nifanyeje?

Kabla mwezi haujaandama, pita kliniki. Dawa nyingi za presha zinaweza kupangwa futari na daku, lakini apange daktari, siyo jirani. Kutembea kuwe kwepesi, kama saa moja na zaidi baada ya futari, au kwenda na kurudi msikitini kwa miguu kwa wanaosali tarawehe. Jua la mchana na swaumu pamoja na dawa ya kupunguza maji, hapana. Unapoinuka kutoka sujudu inuka taratibu. Anayeona giza kila akiinuka apimwe presha akiwa amekaa na akiwa amesimama.

Presha imekuwa 128 kwa 80 miezi miwili sasa. Naweza kuacha dawa?

Usiache mwenyewe. Namba hiyo imeletwa na dawa na miguu yako pamoja, ukiondoa kimoja hujui kipi kilikuwa kinashika. Peleka daftari lako la vipimo kwa daktari. Wengine hupunguziwa dozi, na mama zangu wawili wa kundi letu wamepunguziwa. Wengine hubaki nayo maisha yao yote na wanatembea kilomita 4 kila asubuhi. Nimezika majirani walioacha dawa kwa sababu walijisikia vizuri. Atenololi hasa haiachwi ghafla, moyo unaweza kukugeuka ndani ya siku chache.

Ni dalili gani nikiziona nisimame mara moja?

Kifua kubana au kuwa kizito, maumivu yanayokwenda taya, mgongo au mkono. Pumzi inayokataa kurudi hata umekaa. Moyo kwenda ovyo ovyo. Jasho baridi na kichefuchefu. Kwa wanawake, moyo mara nyingine hauumi kifuani kama tulivyozoea kusikia. Unakuja kama uchovu wa ajabu, kichefuchefu na maumivu ya mgongo, na mama anasema ni gesi. Mdomo kwenda upande, mkono mmoja kukosa nguvu, maneno kukorogeka: hicho ni kiharusi, hata kama baada ya dakika 10 kimeondoka. Angalia saa ilikuwa ngapi, kwa sababu daktari atauliza. Bajaji au teksi, moja kwa moja hospitali kubwa iliyo karibu. Usipitie nyumbani kubadili nguo, usipewe maji ya chumvi, usimeze kidonge cha jirani.

Nilikuwa na msiba kijijini, wiki tatu sijatembea. Niendelee nilipoishia?

Pole sana mama. Rudi na dakika 15, siyo zile 35 ulizoziacha. Siku nne za 15, nne za 20, na ndani ya wiki tatu utakuwa umerudi ulipokuwa. Kama na dawa ziliisha ukiwa msibani, usitoke kesho. Kesho njoo kliniki kwanza upimwe, kadi yako uje nayo, na Jumamosi tutakungoja pale pale kwenye kona ya duka saa 12 na robo.